Salamu Maria Sita kwa Bidoni Moja: Mpimaji wa Ukuta wa Kalivuli

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, na ukungu wa Kalivuli bado haujaamua kama uondoke au ubaki. Edmond Lusenge amechuchumaa chini ya ukuta wa mawe wenye kimo cha mita kumi na moja. Suruali ameikunja hadi magotini. Bidoni la njano lililokatwa shingo amelitega chini ya tundu la tatu, na maji yanaingia humo kwa unene wa kidole gumba. Midomo yake inacheza.

Anasali. Lakini zaidi ya kusali, anapima.

Nyuma yake amesimama msaidizi wake, Gamaliel Kambere, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, Mprotestanti wa kuzaliwa na mbishi wa kujifunza, daftari mkononi na kalamu sikioni. Juu ya jiwe, hatua tatu kando, ameketi mhandisi Agar Kavuo na simu yake ya kuhesabia sekunde.

"Papa Lusenge, leo hapana kumukimbiza Maria," anasema mhandisi.

"Maria hakimbizwake," Lusenge anajibu bila kugeuka. "Nyamazeni kidogo. Niko mu ya kwanza."

Leo ni siku ya arobaini, ya mwisho ya majaribio. Bidoni hilo ni la lita ishirini. Likijaa kwa Salamu Maria sita, kama lilivyojaa kila kiangazi kwa miaka thelathini na moja, ziwa lililo nyuma ya ukuta litaachwa mahali pake, turbini zitazunguka, na taa zitawaka tena. Likijaa mapema, kwa tano au kwa nne, ziwa litamwagwa lote na ukuta utastaafishwa kabla ya mlinzi wake, Lusenge.

Juzi lilijaa kwa tano. Jana kwa tano na nusu.

Na kama ukuta ukifa, mlinzi mwenyewe anakiri bila kuulizwa mara mbili, mkono uliouua utakuwa wake.

Lusenge ana miaka sitini na miwili, mabega mapana, na masikio ambayo Gamaliel husema yalitengenezwa kwa ajili ya mtu mkubwa zaidi. Alizaliwa Musienene, kwenye familia ya wakulima wa viazi na maharage. Mshahara anaolipwa na ushirika wa umeme wa Kalivuli haufiki dola mia kwa mwezi, na hilo analitaja mara moja tu, kama mtu anavyotaja jino bovu, kisha anarudi kwenye ukuta.

Ukuta huo ulijengwa na mafundi wa misheni miaka ya hamsini, mawe na saruji, bila hata nondo moja ndani yake. Husimama kwa uzito wake, kama mama mnene aliyekaa mlangoni na kusema hapiti mtu. Juu una urefu wa mita sitini na nne. Upande wa kushoto kuna pengo la kumwagia maji ya mafuriko, upande wa kulia bomba linaloshuka hadi nyumba ya turbini mbili, na katikati, chini kabisa, kuna usukani wa chuma wa kufungulia lango la tope. Usukani huo hauzunguki bila watu wawili na matusi matatu.

Halafu kuna matundu. Ni matano, kila moja linapitisha ngumi ya mtoto, yamepangwa mstari kwenye mguu wa ukuta. Yanatoa maji mchana na usiku tangu siku ukuta ulipozaliwa.

"Watu banafikiriaka ukuta muzuri ni ule haitoke maji," anasema Lusenge. "Hata mimi nilifikiria vile. Mimi, mutu wa miaka thelathini na moja hapa! Njo ile inaniumiza."

Aliyemfundisha kazi alikuwa Bruda Stanislas, mmisionari wa umri mkubwa, mwenye ndevu zilizonuka grisi. Bruda alikuwa na saa ya mkono, lakini alijua kwamba Lusenge hakuwa nayo na hangekuwa nayo karibuni. Basi akampa kipimo ambacho hakihitaji betri. Tega bidoni chini ya tundu. Anza Salamu Maria kwa sauti ileile ya rozari ya jioni. Bidoni likimwagika, andika umefika wapi.

Ndiyo maana madaftari ya Kalivuli hayafanani na madaftari ya mahali pengine popote. Kuna mistari kama hii: "Tundu 3. Sita, hadi umejaa neema." Au, wakati wa mvua: "Tundu 3. Tano, hadi utuombee." Sala imegawanywa vipande vidogo kama rula.

Mambo yalikuwa rahisi hadi Gamaliel alipoajiriwa, miaka kumi na miwili iliyopita. Gamaliel ni mwimba besi wa kwaya ya kanisa lake. Asubuhi ya kwanza alipewa bidoni na maelezo. Akalitazama bidoni, akamtazama bosi wake.

"Papa, mimi Salamu Maria hapana."

"Donc utapima na nini?"

"Baba Yetu. Ile ni ya wote."

"Ya wote, lakini yenu ni murefu! Munaongezaka ufalme na nguvu na utukufu pale mwisho. Bidoni itamwagika muko bado mu utukufu."

Walibishana wiki mbili. Hatimaye walikubaliana kama wafanyabiashara wa Butembo: kila mtu auze kwa kipimo chake, mradi aandike ni kipimo gani. Tangu hapo, siku za Lusenge zimeandikwa SM na siku za Gamaliel zimeandikwa BY. Kiangazi, tundu la tatu hujaza bidoni kwa SM sita. Kwa BY ni tatu na nusu, hadi kwenye mkate wetu.

"Hata mara moja hatukukosana," anasema Gamaliel kwa fahari. Anatafakari kidogo. "Ya maji. Ya zingine tulikosanaka mingi."

Ukisimama juu ya ukuta na kutazama chini ya bonde, utaona mabati. Lusenge alipoanza kazi kulikuwa na nyumba tisa. Leo ziko mia mbili na kumi na nne. Wengine walifuata umeme: fundi wa kuchomelea, kinyozi, mwenye mashine ya kusaga. Wengine walifuata usalama, familia zilizokimbia kutoka upande wa Luofu na kutoka vijiji vya Beni, zikaona bonde limetulia, taa zinawaka, majirani wanasalimu, zikashusha mizigo.

Nyumba ya kwanza kabisa, mita mia saba chini ya ukuta, ina mlango wa buluu. Ni ya Joyeuse, binti wa tatu wa Lusenge. Ana miaka ishirini na tisa, watoto wawili, na meza ya maharage kwenye soko la Musienene. Anaongea haraka kiasi kwamba wateja hujikuta wamelipa kabla hawajauliza bei.

"Nilijenga hapa sababu ya Papa," anaeleza. "Nilisema, kama ukuta ni yake, nani atalala muzuri kupita mimi?"

Mwaka huu ikaja barua. Timu ya wakaguzi itapita kwenye mabwawa ya zamani na kuyapanga katika madaraja: A, B au C. Barua ilikuwa fupi, haikueleza zaidi, na bila shaka mwandishi wake alidhani kila mtu anajua.

Kalivuli walijua vizuri sana. Walijua vibaya.

"A ni ya kwanza," Lusenge alitangaza baada ya misa, amesimama kwenye ngazi za kanisa. "Tunatafuta A."

Kasonia, mwenye mashine ya kusaga, mtu wa mdomo mwepesi na unga kwenye nyusi, aliuliza kwa sauti kama ukuta utafanya mtihani wa maandishi au wa mdomo. Watu walicheka, lakini Jumamosi walikuja wote. Ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, ya kukumbukwa. Wanawake walifyeka nyasi. Vijana walisukuma tshukudu, zile baiskeli za mbao, zenye mifuko ya chokaa na saruji kuteremka kilima, breki zikiwa ni visigino vyao. Akina mama wa kwaya walisuka tao la maua, kwa sababu mgeni hapiti Kalivuli bila kupita chini ya maua, hata kama amekuja kuhesabu nyufa. Kufikia saa nane, ukuta wote ulikuwa mweupe kama kanzu ya komunyo.

Ila kwenye miguu. Kila chokaa ilipokauka, matundu matano yaliichafua, michirizi mitano mirefu, mbele ya macho ya kila mtu.

"Iko kama mutoto mwenye makamasi," akasema mama mmoja.

Lusenge aliona aibu. Ndivyo anavyoeleza, kwa neno hilohilo. Unapotegemea mgeni, unafagia ua, unaficha sufuria iliyotoboka, unamfuta mtoto pua. Nyumba zote za hapa zinafanya hivyo. Saruji ilikuwa imebaki mfuko na nusu. Gamaliel alisema labda waache. Lusenge alisema labda Gamaliel achanganye mchanga.

Walikata vigingi vya mkaratusi, wakavipigilia ndani ya matundu, wakapaka saruji juu, kisha chokaa. Jioni mguu wa ukuta ulikuwa mkavu kwa mara ya kwanza tangu ujengwe. Watu wakapiga makofi. Wakatoliki wakanywa kasiksi ya ndizi, Waprotestanti wakanywa chai, na wote wakaenda kulala wakiwa na A.

Siku ya nne, Jumatano, Lusenge alikwenda na bidoni lake kwa mazoea, akakumbuka hakuna cha kupima. Alipogeuka kuondoka, kiatu chake kilizama. Kulia kwa tundu la tano, mahali ambapo hapajawahi kuwa na maji, nyasi zilikuwa zimelowa na udongo ulikuwa laini kama uji.

"Nilijiambia ni umande," anasema. "Saa tano ya mchana. Umande gani ya saa tano?"

Hakumwambia mtu. Hata Gamaliel hakuambiwa.

Alhamisi mhandisi Agar Kavuo akafika. Ana miaka thelathini na sita, mzaliwa wa komini ya Ruwenzori mjini Beni, mfupi, mwenye buti za mpira na kofia ya kushonwa na mama yake. Alipita chini ya maua, akasikiliza nyimbo mbili kamili, akashukuru kwa Kinande, "Wasingya," akashangiliwa. Kisha akashuka hadi mguu wa ukuta na kuupapasa kwa kiganja.

"Maji inatokaka wapi?" akauliza.

"Haitoke tena, Madame," Lusenge akajibu, kifua mbele. "Tulifunga yote."

"Nani alifunga?"

"Sisi. Mu salongo."

Akina mama wa kwaya wakapiga makofi. Agar hakupiga.

"Papa, mutu akikunywa maji siku muzima, halafu unamufunga pa kukojolea, utamuita muzima?"

Kicheko kilianzia kwa Kasonia, kikapita kwa kwaya, kikafika hadi kwa katekista, ambaye alijaribu kukigeuza kikohozi. Lusenge peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama zile nyasi.

Akazionyesha kwa kidole. "Kuko na kitu pale, Madame. Niliona jana."

Kicheko kikafa.

Mhandisi alieleza taratibu, amechuchumaa, akichora kwa kijiti kwenye tope. Maji ya ziwa hayakai tu mbele ya ukuta. Mengine hupenya chini yake, kwenye mwamba, polepole. Yakipewa mlango hutoka na mambo yanaisha. Yakifungiwa yanakusanyika huko chini na kuusukuma ukuta kwenda juu, na ukuta unaosimama kwa uzito wake hauwezi kuvumilia mtu anayeupunguzia uzito. Yale matundu ndiyo milango. Nyasi zilizolowa ni maji yaliyochoka kugonga na kuanza kutafuta dirisha.

"Na A yetu?" Kasonia akauliza, mtu asiyejua kunyamaza.

"A munayo," Agar alisema. "Ile haiko points ya masomo, Papa. Hatuulize ukuta ni muzuri ao mubaya. Tunaulizaka: siku ukivunjika, batu ngapi batakufa? C ni shamba tupu. B ni bachache. A..." Akageuka kulitazama bonde na mabati yake. "Hesabuni wenyewe."

Hakuna aliyehesabu. Joyeuse, ambaye alikuwa katikati ya kwaya, aliutazama mlango wake wa buluu, halafu akamtazama baba yake.

Amri ilitolewa papo hapo. Usukani ukazungushwa, na safari hii matusi yakawa saba. Ziwa likashushwa mita mbili, mdomo wa bomba la turbini ukabaki hewani, umeme ukakatika. Matundu yakafunguliwa kwa patasi na nyundo, mtu akisimama upande, kamwe si mbele. Gamaliel alilisahau hilo kwenye tundu la tatu. Kigingi kilimpita karibu na sikio, na maji yakamlaza chali kwenye tope.

"Sasa umebatizwa vizuri," Lusenge alimwambia, na hiyo ndiyo mara pekee aliyotania juma lile.

Maji ya kwanza yalitoka ya rangi ya chai. Bidoni lilijaa kwa Salamu Maria mbili. Mhandisi aliuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kuyapima zamani.

Wakamletea debe la biskuti lenye madaftari thelathini na moja.

Agar alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akainua macho. "SM ni nini?"

Alipoelezwa, alicheka hadi akavua kofia. Kisha akaacha kucheka na kuchukua simu. Alimsalisha Lusenge Salamu Maria arobaini mfululizo, akipima kila moja. Kila moja ilichukua sekunde kumi na mbili, haikuzidi wala kupungua zaidi ya moja. Akamsalisha Gamaliel. Ishirini na moja, pamoja na ufalme na nguvu na utukufu.

"Hapa muko na miaka thelathini na moja," aliwaambia. "Kuko mabwawa mikubwa haina hata siku kumi."

Ndipo akaweka sharti la siku arobaini. Kupima asubuhi na jioni. Nyasi zile zikauke. Siku ya thelathini ziwa lirudishwe juu, lakini turbini zisiwashwe, ili kina kisicheze. Siku ya arobaini, tundu la tatu lilingane na madaftari, na maji yawe safi. Likilingana, ukuta unabaki kazini. Lisipolingana, lango la tope linafunguliwa na halifungwi tena.

Zilikuwa siku ndefu. Wanawake walibeba mahindi kilomita saba hadi Musienene kusaga. Kasonia alikaa mbele ya mashine yake iliyonyamaza na kila Lusenge alipopita alimuuliza, "Papa A, habari ya masomo?" Kwenye kituo cha uzazi wakunga walifanya kazi kwa taa za sola za mkononi, na mtoto mmoja wa kike aliyezaliwa wakati huo aliitwa Bénite, ingawa Kasonia alipendekeza aitwe Koroboi.

Nyasi zilikauka siku ya tisa. Lusenge alizigusa kwa kiganja kila asubuhi, kama mtu anayepima homa.

Siku ya thelathini ziwa lilipanda. Tundu la tatu likarudi: sita. Siku saba zilizofuata: sita. Usiku wa siku ya thelathini na saba ikanyesha mvua ambayo haikualikwa na mtu, katikati ya kiangazi, mpaka alfajiri. Asubuhi yake bidoni likajaa kwa tano.

Pale chini ya ukuta walikuwa wawili tu, Lusenge na Gamaliel. Mhandisi alikuwa Beni. Gamaliel alishika kalamu na hakuandika.

"Papa. Ukisali mbio kidogo tu, inakuwa sita."

Ni kweli, na Lusenge alijua kabla ya kuambiwa. Sala ikikimbia, idadi inaongezeka. Sekunde mbili tu kwa kila Salamu Maria, na ukuta unapona kwenye karatasi. Hakuna saa nyingine mahali pale ya kumsuta.

"Nilitazama mulango ya Joyeuse," anakumbuka. "Mutoto wake mudogo alikuwa anafukuza kuku."

"Andika tano," alimwambia Gamaliel.

Gamaliel akaandika tano. Jioni mhandisi alisomewa kwa simu. Akauliza kama kiangazi kingine kiliwahi kuwa na mvua. Usiku ule wawili hao walipekua debe lote, mmoja akishika tochi na mwingine akimlaumu kwa namna anavyoishika. Walipata viangazi viwili. Kila mara, baada ya mvua, tundu la tatu lilishuka hadi tano, kesho yake tano na nusu, na siku ya tatu likarudi sita.

"Basi tutaona siku ya tatu," Agar alisema. "Niko nakuya."

Siku ya tatu ndiyo leo.

"...ya nne," Lusenge anahesabu, kidole cha nne kimekunjwa. Maji yamefika kwenye alama ya lita kumi na tatu, angavu, hata chembe moja ya mchanga haionekani. Juu, kwenye ukingo wa ukuta, kumetokea vichwa. Kuna Kasonia, kuna wakunga wawili, kuna karibu nusu ya kwaya. Wanajua kunyamaza kumbe.

Ya tano. Bidoni linatetemeka kidogo. Bado. Vidole vya mkono mmoja vimeisha. Anahamia mkono wa pili, kidole gumba, sauti ileile ya rozari ya jioni, bila kukimbia na bila kuvuta.

Ya sita. Maji yanapanda hadi ukingoni, yanavimba, yanakaa juu ya mdomo wa bidoni kama yanafikiri. Amina. Anaanza nyingine, "Salamu Maria, umejaa neema..."

Linamwagika.

"Sekunde sabini na tatu," anasema Agar.

"Sita, hadi umejaa neema," anasema Gamaliel, na anaandika kwa herufi kubwa.

Lusenge anamwaga maji, anaketi juu ya bidoni, na anajifuta uso kwa mkono ambao tayari umelowa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha lolote.

Saa tatu kasoro, turbini ya kwanza inakohoa na kuanza kuimba. Baada ya dakika mbili inasikika mashine ya Kasonia kutoka bondeni, na watu wanashuka mbio kama waliosahau kitu jikoni.

Daraja halibadiliki. Kalivuli itabaki A maadamu kuna watu chini yake, mhandisi anasisitiza, na pamoja na A yanakuja mambo: hakuna nyumba mpya bondeni, rimu ya lori itatundikwa juu ya ukuta na kupigwa siku ya hatari, njia mbili zitafyekwa za kupandia kwenye mikaratusi, kupima kutakuwa asubuhi na jioni, mvua na jua. Agar amemwachia Lusenge saa ya kupimia sekunde, mpya, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Lusenge ameipokea kwa mikono miwili na kumkabidhi Gamaliel. "Wewe ulikuwa unatafuta kitu ya wote."

Mwenyewe anataka miaka mitatu tu zaidi. Alibakiwa na nusu kopo la chokaa, na juu ya kila tundu ameandika kwa brashi, herufi zikipanda na kushuka: ACHA ITOKE. Akimaliza miaka hiyo arudi Musienene kwenye viazi vyake. Lakini kwanza lazima apatikane mtu wa kuchukua bidoni, na mtu huyo ameshachaguliwa. Anaishi mita mia saba kutoka hapa, nyuma ya mlango wa buluu.

"Yeye maji inajua pale anaishi," anasema Lusenge. "Atasikiliza kupita mimi."

Joyeuse amechuchumaa chini ya tundu la tatu, sketi imefungwa kiunoni, meza ya maharage imeachiwa jirani kwa leo. Anatega bidoni, anavuta pumzi, na Salamu Maria ya kwanza inamtoka yote kwa mkupuo, kwa sekunde saba, kama bei ya debe.

Baba yake anamwaga maji na kulirudisha bidoni chini ya tundu.

"Polepole, mwanangu. Hapana ile ya soko. Ya ukuta."